Kona ya Mwalimu: Hammarskjöld maana yake nini?

 

Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kazi za nyumbani za watoto. Ahadi ile nitaitimiza, lakini leo mnisamehe. Kuna jambo lililotokea katika kalasi yangu, na mwenye kosa ni mimi. Nimeona afadhali niwaambie ninyi wote, sababu nadhani linatuhusu sisi wote wenye kuzaa na kutoa majina.

Tulikuwa katika somo la historia, kalasi ya sita, tunasoma juu ya miaka ya kwanza ya uhuru. Niliandika ubaoni jina moja: Dag Hammarskjöld. Watoto walijaribu kulisoma, ndimi zikagongana, tukacheka kidogo. Niliwaeleza kwamba mtu huyo alikuwa Katibu Mkuu wa ONU tangu mwaka wa 1953. Tarehe 17 mwezi wa tisa 1961 aliingia katika ndege huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, aende Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, kuonana na Moïse Tshombe. Alitaka wapatane ili vita isimame hapa Katanga. Ndege ile, iliyoitwa Albertina, ilianguka porini usiku karibu na Ndola. Watu 16 walikuwa ndani yake, na wote walikufa. Wako nkambo zetu wanaokumbuka bado siku zile, na kila mmoja anasimulia kwa namna yake.

Hapo msichana mmoja wa benchi ya pili akanyoosha kidole. “Madamu, lile jina maana yake nini?”

Wamama, sikujua. Nimesoma ISP, nina diplome, nafundisha mwaka wa tisa sasa, lakini maana ya jina lile sikuijua. Ingefaa niseme tu, “Mwanangu, sijui, nitatafuta.” Lakini mwalimu naye ana kiburi chake. Nikamgeuzia swali: “Na wewe, jina lako maana yake nini?”

Mtoto akanyamaza. Sitaandika hapa majina yake yote, lakini moja kati yake ni Sikuzani. Mvulana mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Madamu, huyu hana hata jina la baba yake! Kaka zake wote wana jina moja, yeye ana lake peke yake. Labda walimuokota!” Kalasi yote ikacheka. Na mimi, nawaambia ukweli, nilitabasamu. Yule mtoto aliinamisha kichwa, na hakukiinua tena mpaka kengele.

Kesho yake asubuhi, mbele ya saa moja na nusu, mama yake alikuwa mlangoni. Alikuwa na beseni la vitumbula kichwani, njia yake ilikuwa ya sokoni. Nikamsalimia, “Jambo, Mama Sikuzani.” Akashusha beseni, akajibu vizuri, kisha akasema, “Mwalimu, sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Mtoto amelala bila kula. Anasema hataki tena jina lake, anataka baba yake aende komini alibadilishe. Mlimwambia nini huku?”

Nikamwomba aketi. Nikamweleza yote, hata lile tabasamu langu. Alinitazama kwa muda, kisha akanisimulia.

“Sikuzani ni jina la mama yangu mzazi. Nkambo aliyemzaa mama alikuwa amezika watoto watatu. Huyu wa nne alipozaliwa na kufikisha mwaka, nkambo akasema: sikuzani. Sikudhani kama nitabeba tena mgongoni mtoto mwenye kuishi. Basi jina likabaki. Na mimi nilipokuwa na mimba ya huyu mtoto, baba yake alikuwa mbali, kwenye machimbo. Uchungu ukanishika usiku. Mama yangu ndiye alinipeleka maternite, na yeye ndiye aliuza kitenge chake tupate franga za kulipa. Baba wa mtoto alipopata habari kwa telefone, alisema mwenyewe: huyu apewe jina la mama mkwe wangu. Kaka zake wana jina la upande wa baba. Yeye ana jina la shukrani. Lakini sikumweleza, Mwalimu. Siku zinapita, tunatafuta chakula, mtu anasahau kusimulia.”

Nilimwambia, “Mama, nipe siku mbili.” Siku mbili zile nilitafuta kwenye telefone, nikaongea na mwalimu mwenzangu wa historia, nikasoma usiku. Nawaletea hapa nilichookota, sababu kilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia.

Hammarskjöld ni jina la Uswidi. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Hammar ni nyundo. Sköld ni ngao, ile ya kujikinga vitani, na sk yake husomwa karibu na sh yetu. Ndiyo kusema Nyundo-Ngao. Lakini jina hilo halikuwako tangu mwanzo wa ukoo. Mwaka wa 1610, mfalme wa Uswidi, Karl wa Tisa, alimpandisha mtu mmoja aliyemtumikia vitani, akamweka katika daraja la wakubwa wa nchi. Mtu akipandishwa hivyo, alipewa jina jipya na picha ya ukoo ya kuchora kwenye ngao. Ndiyo maana majina mengi ya wakubwa wa kule yanang'aa: kuna Gyllenstierna, nyota ya dhahabu, na Lagercrantz, taji la majani. Mtu yule wa 1610 akawa Hammarskjöld.

Na mbele ya siku ile aliitwa nani? Aliitwa Peder Mikaelsson. Hapa, wamama, tusimame kidogo.

Mikaelsson maana yake ni “mwana wa Mikael”. Son ni mwana wa kiume. Zamani, raia wa kawaida katika nchi za Skandinavia, yaani Uswidi, Norwe na Denmarki, hawakuwa na jina moja la ukoo linalopita toka nkambo mpaka mjukuu. Kila mtoto alikuwa na jina lake, kisha akaongezewa jina la baba. Kama baba ni Anders, mtoto wa kiume ni Andersson, na mtoto wa kike ni Andersdotter, ndiyo kusema “binti wa Anders”. Yule Andersson, kama jina lake la kwanza ni Nils, watoto wake hawataitwa Andersson tena. Wataitwa Nilsson na Nilsdotter. Kila kizazi jina linageuka.

Na mama wa nyumba? Yeye alibaki na jina la baba yake. Aliolewa, akazaa, akazeeka, na katika buku la kanisa padri aliendelea kuandika “binti wa fulani”. Tangu 1686 sheria ya kanisa la Uswidi iliagiza mapadri waandike waliozaliwa, waliooana na waliokufa, na ndiyo maana watu wa kule wanaweza leo kutafuta nkambo zao wa miaka mia tatu iliyopita.

Sasa tuhesabu. Baba ni Nils Andersson. Mama ni Karin Larsdotter. Mvulana ni Nilsson. Msichana ni Nilsdotter. Nyumba moja, sahani moja, moto mmoja, na majina manne! Hakuna mtu aliyesema kwamba kuna aliyeokotwa. Jina halikuwa uzio wa kuonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje. Lilionyesha tu mtu alizaliwa na nani.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu usiku. Lile ambalo kalasi yangu ilimchekea Sikuzani, ndilo lilikuwa desturi ya taifa zima, tena taifa la yule bwana niliyeandika jina lake ubaoni.

Basi majina yasiyogeuka yalitoka wapi? Yalikuja kwa milango mingi. Wakubwa walipewa na mfalme, kama tulivyoona. Watu wa mji, wenye biashara na masomo, walianza kujitungia majina kwa kuunganisha vitu viwili vya asili: Lindberg ni mti na mlima, Bergström ni mlima na mto. Wasomi na mapadri walipenda Kilatini. Mwanafunzi mmoja, Nils Ingemarsson, alipoenda universite alijiita Linnaeus kwa sababu ya mti mkubwa uliokuwa kwao nyumbani. Mtoto wake, Carl Linnaeus, aliyezaliwa 1707, ndiye aliyeweka utaratibu wa kuita mimea na wanyama kwa majina mawili, tunaofundisha mpaka leo. Na jeshini, sababu akina Anders Andersson walikuwa wengi mno katika kikosi kimoja, wakubwa wao waliwapa askari majina mafupi: Rask, mwepesi, Modig, jasiri, Stål, chuma cha pua.

Kisha zikaja siku za serikali kutaka kila mtu awe na jina moja la kudumu, kwa ajili ya kuhesabu watu, kodi, shule na urithi. Norwe iliiweka katika sheria mwaka wa 1923. Uswidi ilitoa amri yake juu ya majina ya ukoo 1901. Hivyo jina la baba likagandishwa pale lilipofika. Aliyekuwa Andersson siku ile akabaki Andersson na wajukuu wake wote. Ndiyo maana Andersson na Johansson ni wengi sana Uswidi, na Hansen na Jensen ni wengi Norwe na Denmarki.

Na wanawake je? Hapo, wamama, ndipo nilipopunguza kucheka. Jina likigandishwa kwa -son, yule wa kike naye anaandikwa -son. Mama wa watoto sita anaitwa Andersson, “mwana wa kiume wa Anders”, na ile dotter, binti, inapotea kwenye karatasi. Sheria ya ndoa ya Uswidi ya 1920 ikaagiza mke achukue jina la mume. Ilibidi wangoje mpaka 1963 ndipo mke aruhusiwe kubaki na jina la kwao. Na katika sheria ya 1982 mke na mume wakawa sawa: wanaweza kuchukua jina la mmoja wao, yeyote, au kila mtu abaki na lake. Nchi tunazozisema kuwa wanawake wake walitangulia, nazo zilikwenda hatua kwa hatua, na katikati zilirudi nyuma.

Kuna kisiwa kimoja ambacho hakikugandisha. Ni Aislandi, ambako watu wengi walitoka Norwe zamani. Huko mpaka leo mtoto anaitwa mwana wa fulani au binti wa fulani, na anaweza kuitwa hata kwa jina la mama yake. Mwaka wa 1980 walimchagua mwanamke kuwa rais, wa kwanza duniani kuchaguliwa na kura za raia wenyewe. Anaitwa Vigdís Finnbogadóttir, binti wa Finnbogi. Hakuhitaji jina la mume ili aongoze nchi.

Turudi kwa yule wetu wa Ndola. Dag, jina lake la kwanza, kwa Kiswidi maana yake ni siku. Baba yake, Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa waziri mkuu wa Uswidi tangu 1914 mpaka 1917. Na mama yake? Katika mabuku hatajwi sana, nami nilimtafuta kwa makusudi. Aliitwa Agnes Almquist. Alm ni mti, quist ni kitawi. Kwa hiyo mtu yule alikuwa wa Nyundo-Ngao kwa baba, na wa kitawi cha mti kwa mama. Na tazameni, majina yake yote yalikuwa Dag Hjalmar Agne Carl. Hjalmar ni la baba, na lile Agne linafanana kabisa na Agnes. Hakuoa, hakuacha mtoto. Aliacha jina.

Siku ya tatu niliingia kalasini, nikaandika ubaoni majina mawili, moja chini ya lingine: Hammarskjöld na Sikuzani. Mbele ya yote nikasema, “Juzi mwenzenu aliniuliza swali zuri, na mimi sikujua jibu. Badala ya kusema sijui, nilimwaibisha. Naomba msamaha kwake mbele yenu.” Kalasi ikawa kimya sana. Watoto hawajazoea mwalimu aombe msamaha. Kisha nikaeleza jina la kwanza, yote niliyowaandikia ninyi. La pili sikulieleza mimi. Nilimwita yeye aje mbele, sababu mama yake alikuwa ameshamsimulia nyumbani. Aliongea polepole, juu ya nkambo na watoto watatu, juu ya kitenge kilichouzwa usiku. Alipofika mwisho akaniangalia: “Madamu, Dag ni siku, na mimi nina ‘siku’ ndani ya Sikuzani!” Nikamweleza kwamba siku yake ni ile ya sikuona, sikujua, sikudhani. Akafikiri, akasema, “Si kitu, Madamu. Ile ya kwangu ni nzuri zaidi.” Tukacheka, safari hii pamoja naye.

Nikatoa kazi: kila mtoto aulize nyumbani maana ya jina lake. Baadhi yenu mlisumbuliwa jioni ile, najua! Walirudi na mali nyingi. Mbuyi na Kabanga, mapacha kwa Waluba wa Kasai. Bahati, Furaha, Riziki. Watoto walikuwa wanajivuna.

Lakini mmoja hakutaka kusimama. Ni yule mvulana aliyecheka. Jina lake ni Tabu. Alinifuata wakati wa mapumziko: “Madamu, mama anasema nilizaliwa wakati wanakimbia vita. Sasa jina hili litaniletea tabu maisha yangu yote?” Nilimwambia, “Jina lako halisemi wewe ni tabu. Linasema mama yako alikuwa katika tabu, na hakukuacha njiani.” Alitikisa kichwa, akaenda kucheza. Tangu siku ile hajachekelea jina la mtu.

Wamama, nimetoa mambo manne katika hayo yote, nayaweka mbele yenu.

La kwanza: mwambieni mtoto hadithi ya jina lake kabla wengine hawajamtungia hadithi. Haiombi pesa. Inaomba dakika kumi, usiku, kando ya makaa.

La pili: mkitoa jina, fikirini ni nani atakayelibeba. Hasira ya ugomvi na mashemeji inaisha, lakini jina mlilolitoa kwa hasira mtoto atasimama nalo mbele ya wenzake kila asubuhi mwalimu anapoita. Hata Kodi ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka wa 1987, inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wetu, na inakataza majina ya matusi au ya kumshusha mtu. Sisi tuliopitia amri ya 1972, wakati Mobutu alipowavua watu majina ya kigeni, tunajua kwamba serikali nayo inaweza kugusa jina. Lakini yule wa kulichagua vizuri ni mzazi.

La tatu: mwandikisheni mtoto. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Mtoto asiye katika buku la etasivili, jina lake liko midomoni tu. Wale akina Nilsdotter wa zamani tunawajua leo sababu mtu aliandika.

La nne: jina liandikwe namna moja kila mahali. Mimi ninaona kila mwaka: kwenye akti ni Sikuzani, kwenye biletini ni Sikudhani, kwenye karata ya chanjo ni Sikujani. Siku ya mtihani wa mwisho wa kalasi ya sita, watu wanakimbia huku na huku. Leo jioni chukueni karatasi zote za watoto, ziwekeni mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, njooni kwa direkta mapema, msingoje mwezi wa mtihani.

Mama Sikuzani alipita tena juzi, beseni kichwani. Nilimuuliza kama mtoto bado anataka kwenda komini. Akasema, “Hapana, Mwalimu. Sasa anataka kaka zake nao waongezewe jina la nkambo.” Akaniachia vitumbula vitatu, akakataa franga zangu.

Juma lijalo, bila kukosa, tutaongea juu ya kazi za nyumbani. Mbakie salama.